Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 18: Khalifa Aliyezima Mshumaa



Ndugu zangu, baba zetu, mama zetu na vijana wa msikiti wetu, poleni na swaumu. Nusu ya mwezi tumeshaivuka, alhamdulillah. Leo tuzungumzie jambo ambalo mimbarini huwa tunalipita haraka, lakini majumbani ndiyo kelele ya kila siku: pesa ya matumizi.

Tuseme ukweli. Mwezi huu milo imepungua, lakini kwenye nyumba nyingi matumizi yamepanda. Mtu anapita sokoni saa kumi jioni na njaa yake, kila anachokiona anakitaka. Futari inapangwa mkekani: mihogo ya nazi, tambi, maharage, sambusa, kaimati, matunda, juisi za rangi mbili. Tukirudi tarawehe nusu bado ipo, na asubuhi inakwenda jalalani. Halafu likiingia kumi la mwisho ndiyo tunaanza kutafuta wa kumkopa pesa ya nguo za Idd. Mume kanuna, mke kanuna, watoto wanasikiliza ukutani. Funga ipo, lakini nyumba haina amani.

Basi leo tumwangalie mtu mmoja aliyekuwa na uwezo wa kula chochote, kuvaa chochote na kukaa popote, naye akachagua kuhesabu hata mafuta ya taa. Huyo ni Umar bin Abdul-Aziz, Allah amrehemu. Visa vyake vimesimuliwa na wanazuoni wengi, na wako walioandika vitabu vizima juu ya maisha yake, kama Ibn Abdil-Hakam na Ibn al-Jawzi.

*Kijana wa manukato*

Umar hakuzaliwa maskini. Alizaliwa ndani ya ukoo wa kifalme wa Bani Umayya. Baba yake, Abdul-Aziz bin Marwan, alikuwa liwali wa Misri kwa takriban miaka 20. Ami yake, Abdul-Malik bin Marwan, alikuwa khalifa kule Sham.

Kwa upande wa mama alikuwa kitukuu cha Sayyidna Umar bin al-Khattab. Hapo pana kisa mnachokijua. Sayyidna Umar alikuwa akizunguka usiku Madina, akamsikia mama mmoja akimwamuru binti yake achanganye maziwa na maji ili yauzike mengi. Binti akakataa. Mama akamwambia kwamba Umar hawaoni, binti akajibu kwamba kama Umar hawaoni, Mola wa Umar anawaona. Sayyidna Umar akamwozesha binti yule mwanawe Asim. Kutokana na ndoa hiyo akazaliwa Ummu Asim, na Ummu Asim ndiye aliyemzaa Umar bin Abdul-Aziz. Kwa hiyo kabla hatujafika kwa khalifa, tukumbuke kwamba ukoo huu ulianzia kwenye chombo cha maziwa, kwa msichana aliyekataa faida ya haramu.

Baba yake alimpeleka Madina akasome. Siku moja kijana alichelewa swala ya jamaa. Mwalimu wake, Salih bin Kaysan, akamuuliza sababu. Akasema alikuwa akichanwa nywele. Mwalimu akamwandikia baba kule Misri, na baba akatuma mtu aje amnyoe kijana kichwa chote, kabla hata ya kuzungumza naye. Hebu fikiri, wazazi wenzangu. Liwali mzima wa Misri anafuatilia nywele za mwanawe kwa sababu zimemchelewesha swala moja.

Hata hivyo Umar alikua akipenda vitu vizuri. Alipofanywa liwali wa Madina mwaka 87 Hijria (706 Miladia), watu walimjua kwa manukato yake kabla hajafika. Walisema barabara aliyopita inanukia. Nguo ya mamia ya dirhamu aliiona bado haijalainika. Mwendo wake wa maringo wasichana waliuiga. Hakuwa mtu muovu, alikuwa mwanachuoni, aliwakusanya wanazuoni kumi wa Madina wawe washauri wake, na aliusimamia upanuzi wa Msikiti wa Mtume (s.a.w.). Lakini starehe aliipenda, na pesa ilikuwepo.

*Siku aliyobebeshwa mzigo*

Mwaka 99 Hijria (717 Miladia), khalifa Sulayman bin Abdul-Malik alifariki huko Dabiq, kaskazini ya Sham. Wasia wake uliokuwa umefungwa ukafunguliwa, na mwanachuoni Raja bin Haywa akausoma. Jina lililokuwamo ni la Umar. Wasimulizi wanasema wengine walikasirika kwa kuukosa ukhalifa, naye alihuzunika kwa kuupata.

Wakamletea vipando vya kifalme, farasi waliopambwa. Akauliza hivi ni vitu gani, akaambiwa ndivyo anavyopanda khalifa mpya. Akaagiza viuzwe na thamani yake iingie Baitul-Mali, kisha akaomba nyumbu wake. Akaletewa mahema na mazulia ambayo hayajawahi kukaliwa na mtu. Nayo yakaenda huko huko.

Kisha akaingia kwenye mali yake mwenyewe. Sehemu kubwa ilikuwa ni ardhi ambazo ukoo wake ulijigawia. Alitaka kupumzika kidogo mchana kabla ya kuanza kurudisha haki za watu, kwa sababu usiku ule hakulala kwa mazishi. Mwanawe Abdul-Malik, kijana mdogo tu, akamuuliza nani kampa uhakika wa kuishi mpaka Adhuhuri. Umar akamkumbatia, akainuka, akaanza siku ile ile. Imepokewa kwamba hati za ardhi zilisomwa mbele ya watu, na kila iliyosomwa aliikata kwa mkasi.

*Fatima na kito chake*

Sasa tuje nyumbani, maana kubana matumizi kunaanzia kwa mke na mume au hakuanzi kabisa.

Mke wake alikuwa Fatima bint Abdul-Malik. Baba yake khalifa, babu yake khalifa, kaka zake makhalifa, mume wake khalifa. Alikuwa na kito cha thamani alichopewa na baba yake, ambacho mfano wake haukuonekana. Umar hakumnyang'anya. Alikaa naye, akampa hiari: ama akirudishe Baitul-Mali, ama waachane kwa wema, kwa sababu yeye hawezi kukaa nyumba moja na kito kile. Fatima akamchagua Umar. Kito kikaenda.

Tusilione jambo hili jepesi. Yule mama alilelewa katika kasri. Kuanzia siku ile nyumba yake ikawa tupu. Imepokewa kwamba mwanamke mmoja alisafiri kutoka Iraq, ana mabinti watano na hana wa kumsaidia. Alipoingia kwa Fatima alimkuta na pamba mkononi, anaifanyia kazi, na ndani hamna cha kutazama. Akashangaa, akasema amekuja kutengeneza nyumba yake kutoka kwenye nyumba iliyobomoka. Fatima akamjibu kwamba nyumba hii imebomoka kwa ajili ya kujenga nyumba za watu kama yeye. Mara akaingia mwanamume, akateka maji kisimani, akayamimina kwenye udongo wa uani huku akimtazama Fatima. Mgeni akamwambia Fatima ajisitiri na yule fundi wa udongo. Fatima akamwambia yule si fundi. Yule ndiye Amirul-Muuminina. Mgeni hakurudi mikono mitupu. Umar aliandika mabinti wale wapewe mafungu.

*Mshumaa, karatasi na kuni*

Usiku mmoja alifika mjumbe kutoka jimboni. Umar akawasha mshumaa mkubwa, akamuuliza habari za watu: bei zikoje, maskini wanaishije, liwali anahukumu vipi. Alipomaliza, mjumbe naye akamuuliza hali yake na watoto wake. Umar akauzima mshumaa, akaagiza kitaa chake kidogo chenye mwanga hafifu. Mjumbe akashangaa. Akaelezwa kwamba mshumaa ule ni wa mali ya Waislamu, na walipokuwa wakizungumza mambo ya Waislamu ulikuwa halali. Sasa wanazungumza mambo ya Umar, basi iwake taa ya Umar.

Mara nyingine taa yake ilififia akiwa na mgeni. Mgeni akataka kumwamsha mtumishi. Umar akakataa, mtumishi ndiyo kwanza kalala. Mgeni akataka ainuke mwenyewe, Umar akasema si heshima kumtumikisha mgeni. Akainuka yeye, akatia mafuta, akarudi kukaa, akasema aliinuka akiwa Umar na amerudi akiwa Umar yule yule. Hakupungua kitu.

Liwali wake wa Madina, Abu Bakr bin Hazm, aliandika kuomba karatasi zaidi za ofisi. Umar akamjibu achonge kalamu yake iwe nyembamba, akaribishe mistari, na akusanye mahitaji mengi katika karatasi moja. Akaomba pia mishumaa ya kumulikia njia, kama walivyopewa maliwali waliomtangulia. Umar akamkumbusha kwamba kabla ya kupata cheo alikuwa akienda msikitini usiku wa giza bila mshumaa, na leo hali yake ni nzuri kuliko siku zile.

Na kulikuwa na maji ya moto. Mtumishi alikuwa akimletea maji ya uvuguvugu ya kutawadhia nyakati za baridi. Baada ya muda Umar akauliza yanapashwa wapi. Akaambiwa yanapashwa kwenye jiko la umma. Akahesabu siku zote zilizopita, akalipa gharama ya kuni.

Ndugu zangu, hizi ni mali za umma, lakini tabia ni ile ile ya nyumbani. Matumizi hayavuji kwenye tundu kubwa. Yanavuja kwenye taa iliyoachwa inawaka chumba kisicho na mtu, jiko la mkaa lililokolezwa kwa chai ya mtu mmoja, bomba linalodondoka usiku kucha, safari tatu za dukani kwa vitu ambavyo vingeandikwa karatasi moja. Mtu analalamika umeme wa LUKU unaisha haraka, lakini hajawahi kuzunguka nyumba yake usiku kuangalia nini kinawaka.

*Dengu kwanza*

Kisa hiki kiwekeni jikoni. Shemeji yake, Maslama bin Abdul-Malik, alikuwa jemadari mkubwa na mtu wa meza kubwa. Umar akasikia kiasi anachotumia kwa chakula cha siku moja, kikamshtua. Akamwalika. Akaagiza vipikwe vyakula vizuri vya namna namna, na pembeni vipikwe dengu kwa kitunguu na mafuta. Maslama akafika. Umar akamweka kwa mazungumzo mpaka njaa ikamuuma kweli. Kisha akaagiza ziletwe dengu kwanza. Maslama akala kwa hamu mpaka akashiba. Ndipo vikaletwa vile vyakula vizuri. Akakaribishwa, hakuweza. Tumbo limejaa. Umar akamuuliza kwa upole, ikiwa hiki kimemtosha, kwa nini ajiingize motoni kwa israfu ya kile kingine?

Jamani, si ndiyo sisi kila Magharibi? Tende tatu, kikombe cha uji, kipande cha muhogo, na njaa imeondoka. Vile vingine vyote vilinunuliwa na macho saa kumi jioni.

*Tufaha na mikono mdomoni*

Msidhani mambo haya hayakumuuma. Siku moja yaliletwa matufaha ya mali ya Waislamu, akawa anayagawa. Mwanawe mdogo akaokota moja akalitia mdomoni. Umar akalitoa. Mtoto akakimbilia kwa mama yake analia. Mama akatuma sokoni, akanunua matufaha kwa pesa yake. Umar aliporudi akasikia harufu, akauliza kama limechukuliwa lolote katika yale ya umma. Akaelezwa. Akasema alipolitoa mdomoni mwa mtoto alihisi kama analitoa moyoni mwake, ila alichukia kupoteza fungu lake kwa Allah kwa ajili ya tufaha.

Na usiku mmoja aliingia kwa mabinti zake kuwasalimia. Walipomwona, wakaweka mikono mdomoni na kukimbilia mlangoni. Akamuuliza mlezi wana nini. Akaambiwa hawakuwa na cha kula usiku ule ila dengu na kitunguu, hawakutaka asikie harufu. Umar akalia. Akawauliza mabinti zake itawafaa nini kula vyakula vya rangi rangi, kisha baba yao aburuzwe motoni. Nao wakalia mpaka sauti zikasikika.

Hapa kila mzazi mwenye kipato kidogo anajiona. Kumwambia mtoto hapana kunaumiza. Mtoto wa jirani ana nguo mpya mbili za Idd, wako anakutazama. Umar alikuwa na funguo za hazina kutoka Andalusia mpaka mipaka ya India, na bado alisema hapana, akalia pamoja na watoto wake. Hakuwaficha sababu. Kulia kwake kuliwafundisha kuliko kununua.

*Hakuwa bahili*

Tusichanganye mambo. Bahili anabana ili alimbikize. Umar alibana kwake ili pawe na cha kutoa kwa wengine. Watumishi wake wa serikali aliwalipa vizuri, ili mawazo yao yawe kwenye kazi ya watu na sio kwenye njaa ya nyumbani. Aliagiza zijengwe nyumba za wageni njiani ili wasafiri na wanyama wao wapate kupumzika.

Liwali wake wa Iraq alimwandikia kwamba ameshalipa watu mafungu yao na pesa bado ipo. Umar akamwagiza awatafute wenye madeni waliokopa bila upumbavu wala israfu, awalipie. Akaandika tena: nimelipa, pesa ipo. Akamwagiza awaozeshe vijana wasio na mahari. Akaandika tena. Akamwagiza awakopeshe wakulima walioshindwa kuilima ardhi yao.

Angalieni sharti lile la kwanza: aliyekopa bila israfu. Deni la ugonjwa, la ada, la chakula, huyo anasaidiwa. Deni la kuonekana mbele za watu, hilo Umar hakulifungulia hazina.

*Kanzu moja*

Alitawala takriban miaka miwili na miezi mitano tu. Mwaka 101 Hijria (720 Miladia) aliugua. Maslama akaja kumtazama, akaona kanzu yake imechafuka, akamwambia dada yake Fatima aifue. Aliporudi akaikuta vile vile, akamlaumu. Fatima akamwambia hana nyingine.

Yule kijana aliyesema nguo ya mamia ya dirhamu bado ngumu, anakufa na kanzu moja.

Maslama akamkumbusha kwamba anawaacha watoto mikono mitupu. Umar akasema hakuwanyima haki yao, wala hawezi kuwapa cha wengine. Kisha watoto ni wa aina mbili: mwema, ambaye Allah atamsimamia, au asiyekuwa mwema, naye hataki kumsaidia katika maasi. Akafariki mwezi wa Rajab huko Dayr Sim'an, Sham, hajafika au ndiyo kwanza amefika miaka 40. Imepokewa kutoka kwa mwanawe kwamba alipoingia kwenye ukhalifa mapato yake kwa mwaka yalikuwa dinari 40,000, na alipokufa yalikuwa dinari 400, na lau angeishi zaidi yangepungua zaidi.

Aliyemfuata kwenye ukhalifa, Yazid, kaka yake Fatima, alimwambia dada yake kile kito bado kipo, kama anataka arudishiwe. Fatima akakataa. Hakuwa tayari kumtii mumewe akiwa hai na kumuasi akiwa kaburini.

*Leo tufanye nini?*

Hatuambiwi tubaki na kanzu moja. Tuanze na haya matano:

1. Mume na mke wakae leo baada ya tarawehe, wahesabu kilichobaki mpaka Idd. Wahesabu pamoja, kama Umar na Fatima. Mume akikaza peke yake huo ni ugomvi.
2. Orodha iandikwe asubuhi, sokoni uende na orodha. Usiende saa kumi jioni na njaa.
3. Futari ya kesho iwe chakula kimoja kikuu. Kinachobaki kiwe daku, na kinachozidi kipelekwe kwa jirani kingali kizuri, kabla hakijaharibika.
4. Pesa ya watu usiichanganye na yako: ya kikundi, ya msikiti, ya ofisi, ya mchezo. Kila mshumaa uwake kwa kazi yake.
5. Nguo za Idd kwa pesa iliyopo. Safi iliyofuliwa inatosha. Ukiokoa chochote, toa sehemu yake kwa asiye na futari, maana kubana bila kutoa ni ubahili.

Usiku wa leo, ukiinuka kuzima taa ya chumba kisicho na mtu, mkumbuke Umar na umuombee rehema.

Ewe Allah, tubariki katika kidogo chetu, tukinge na israfu na ubahili, tulipie madeni yetu, zitie amani nyumba zetu, na utukubalie funga zetu. Amin.

Mfikishie na mwenzako. Kesho baada ya Alfajiri tukutane tena hapa, inshaAllah.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.